Mizani ya Mipaka: Gavana Gerry, Kibera na Kawangware

Katika hila zote walizozibuni wanasiasa ili wapate kwa kalamu kile wanachochelea kukikosa katika kura, hakuna iliyo kimya zaidi, wala iliyovaa joho la uhalali vizuri zaidi, kuliko hila ya kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Mwenye kuiba sanduku la kura huonekana akilibeba, na mwenye kuhonga huacha nyuma yake watu waliohongwa ambao huenda siku moja wakasema. Bali aliyeusogeza mpaka kutoka ukingo huu wa mto hadi ukingo ule haachi nyuma yake ila ramani yenye muhuri wa serikali, na raia aliyehamishwa pasipo kuinuka kitini pake aghalabu huipata habari hiyo siku ya kupiga kura, wakati ambapo malalamiko hayamfai kitu. Nia ya makala haya ni kuichunguza hila hiyo tangu ilipopata jina lake huko Marekani, kisha kuipima katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambayo mwaka 2012 ilitendewa na wachora mipaka mambo mawili yaliyo kinyume.

Mtu ambaye jina lake lilibandikwa hila hii hakuwa ayari wa siasa. Elbridge Gerry, aliyezaliwa mwaka 1744 katika mji wa bandari wa Marblehead, Massachusetts, alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Na miaka kumi na mmoja baadaye, alipokaa Philadelphia pamoja na wenzake kutunga katiba ya taifa jipya, alikataa kuutia sahihi waraka uleule aliousaidia kuuandika, akihoji, pamoja na hoja nyingine, kwamba haukuwa na hati ya haki za raia. Mtu wa tabia hiyo ndiye aliyekuwa gavana wa Massachusetts wakati chama chake, mnamo Februari 1812, kilipopitisha sheria ya kugawa upya majimbo ya baraza la seneti la huko ili kuwabana Wafederali waliokuwa wapinzani wake; na ijapokuwa jamaa zake waliandika baadaye kwamba sheria ile haikumpendeza, sahihi aliitia. Jimbo moja katika kaunti ya Essex lilijipinda na kujinyonga kiasi kwamba gazeti la Boston Gazette, katika toleo la tarehe 26 Machi mwaka huohuo, lililichora likiwa na kichwa, makucha na mbawa, mithili ya mjusi wa hekaya aitwaye salamanda, nalo likaliunganisha jina la mjusi huyo na jina la gavana, likawa "gerrymander". Uchaguzi ulipofanyika, Wafederali walipata kura kama 51,700 na wenzao wa chama cha Gerry kama 50,100, lakini katika viti 40 vya seneti chama cha Gerry kilitwaa 29 na kuwaachia Wafederali 11. Gerry mwenyewe hakufaidi chochote, maana cheo cha gavana huchaguliwa na watu wa Massachusetts nzima, wala hakuna mpaka wa kumkinga mtu hapo, naye akashindwa na Caleb Strong. Mwaka uliofuata akawa Makamu wa Rais chini ya James Madison, akafariki Novemba 1814 akiwa bado kazini, na taarikhi, ambayo haina insafu katika mambo haya, ikayasahau mengi aliyoyatenda ikabaki na mjusi.

Wala Gerry hakuwa wa kwanza. Mwaka 1788 huko Virginia, Patrick Henry na wafuasi wake walilipanga jimbo la uchaguzi ili huyohuyo Madison, aliyekuja kuwa bwana wa Gerry, ashindwe na James Monroe, lakini Madison akashinda. Hila ni ya zamani kuliko jina lake, na jina lenyewe limetuachia upotovu mmoja wa fikra ambao ndio hasa ninaotaka kuushughulikia: limetufundisha kuutafuta ubaya katika umbo. Tumezoea kuiangalia ramani tukauliza kama jimbo limenyooka au limepinda, na tukiliona limenyooka hutosheka, ilhali mchora mipaka ana njia mbili ambazo zote huweza kufuata mistari mizuri kabisa. Ya kwanza ni kuwarundika wapinzani katika jimbo moja, washinde huko kwa wingi usio na faida, na majimbo ya jirani yabaki mepesi. Ya pili ni kuwatawanya kidogo kidogo katika majimbo mengi, wasifikie wingi popote. Na zaidi ya hizo mbili kuna dhuluma ya tatu, kongwe kuliko zote, ambayo haihitaji hata kupindisha kalamu, nayo ni dhuluma ya uzito: kuwapa watu wachache kiti kimoja, na watu wengi kiti kimoja vilevile.

Dhuluma hiyo ya tatu Waingereza waliijua vizuri kabla ya kututawala. Hadi mwaka 1832 kilima kitupu cha Old Sarum, kilichokuwa na wapiga kura wasiozidi idadi ya vidole vya mikono na mmoja juu yake, kilipeleka wabunge wawili London, na mji wa viwanda wa Manchester haukupeleka hata mmoja. Marekani nayo ilichelewa. Mwaka 1964 ndipo Mahakama ya Juu ya huko ilipoamuru kwamba mabaraza ya majimbo yachaguliwe kwa wilaya zenye watu sawasawa, na mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikakataa kuingilia uchoraji wa mipaka kwa faida ya chama. Yaani waliuponya uzito, umbo wakaliacha lilivyokuwa zama za Gerry.

Katika pwani yetu mfano mzito kuliko yote ni wa Unguja na Pemba. Mwezi Julai 1963, katika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54 hivi, lakini katika viti 31 kikapata 13 tu. Chama cha Hizbu kilipata 12 na chama cha ZPPP 6, na vyama hivyo viwili vilivyoungana ndivyo vilivyounda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba. Kura za Afro-Shirazi zilikuwa zimejaa Ng'ambo na mashamba ya kati ya Unguja, wakashinda huko kwa wingi uliopita haja, na wapinzani wao wakashinda kwingine, hasa Pemba, kwa tofauti iliyotosha tu. Sisemi kwamba mipaka peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kwa kuwa mambo yaliyoyaleta ni mengi na ya kale. Nasema tu kwamba watu walioona wingi wao umegeuzwa uchache walikuwa na daawa ambayo hakuna wakili wala hakimu aliyeweza kuijibu kwa kuwaonyesha ramani. Na jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuhitajika mjusi: makazi ya watu yenyewe, wakikaa pamoja kwa hali na jamaa zao, yalifanya kazi ya kurundika ambayo Boston ilifanywa kwa kalamu.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na maeneo bunge 117. Baraza la Seneti lilipounganishwa na Bunge mwaka 1966 yakawa 158, kisha 188, na mwaka 1996 yakawa 210. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 42, iliamuru maeneo hayo yawe na watu takriban sawa, lakini ikairuhusu tume kuiacha kanuni hiyo kwa kuangalia wingi wa watu, njia za mawasiliano, sura ya nchi na umoja wa jamii, pasipo kutaja kipimo cha mwisho. Na ruhusa isiyo na kipimo, katika mikono ya tume iliyoteuliwa na Rais, si kinga bali ni mlango. Mwaka 1992, uchaguzi wa vyama vingi uliporejea, Rais Moi alipata kura asilimia 36 hivi, na chama chake cha KANU kikatwaa viti 100 kati ya 188. Kugawanyika kwa upinzani kulimsaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini kugawanyika kunaweza kuwapa wachache urais, wala hakutoshi kueleza mbona viti vilikuwa vingi zaidi pale palipokuwa na watu haba waliokipenda chama, na vichache pale palipokuwa na watu wengi wasiokipenda.

Nairobi ndipo uzito huo ulipolemea. Tangu 1992 hadi 2013 mji mkuu ulikuwa na viti 8 tu. Tukizichukua hesabu za sensa ya 2009, Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369, maana yake ni kwamba kila mbunge wake aliwakilisha kwa wastani watu 392,000, ilhali wastani wa nchi nzima kwa viti 210 ulikuwa chini ya 184,000. Mkaazi wa Nairobi, awe wa Karen au wa Gatwekera huko Kibera, alikuwa na chini ya nusu ya sauti ya Mkenya wa wastani. Kibera yote ilikuwa ndani ya eneo bunge la Lang'ata, pamoja na Karen na mitaa ya wenye nafasi, na mbunge wao kwa miaka ishirini alikuwa Raila Odinga. Kawangware ilikuwa ndani ya Dagoretti, pamoja na Riruta, Waithaka na mashamba ya Mutu-ini ambako bado palikuwa na migomba na ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyelalamika kwamba maeneo hayo yalikuwa na umbo baya. Yalikuwa mapana na ya kawaida, na uonevu wake haukuonekana ila kwa mwenye kupiga hesabu.

Katiba ya 2010 ilikuja na kipimo. Kifungu cha 89 kiliweka maeneo bunge 290, na kikasema idadi ya watu katika kila eneo iwe karibu iwezekanavyo na wastani wa taifa, isiuzidi wala kuupungukia kwa zaidi ya asilimia 40 katika miji na katika sehemu zenye watu haba, na asilimia 30 kwingineko. Baada ya tume ya muda iliyoongozwa na Andrew Ligale kuzusha mabishano yasiyokwisha, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliikamilisha kazi hiyo Machi 2012. Nairobi ilitoka viti 8 ikapata 17, na watu wakafurahi. Lakini tuipige hesabu. Wastani wa taifa ulikuwa watu 133,138. Kwa kipimo hicho Nairobi ilistahili viti 23 na ziada. Kikomo cha juu cha mji kilikuwa watu 186,394. Ukiwagawanya watu wa Nairobi kwa kikomo hicho unapata 16 na sehemu nane za kumi, yaani viti 17. Kwa maneno mengine, mji mkuu ulipewa idadi ndogo kabisa ya viti ambayo katiba ingeiruhusu, wala si kimoja zaidi; na ruhusa ya asilimia 40, ambayo kwa maneno yake huweza kwenda juu au chini, kwa Nairobi yote ilikwenda juu. Jambo hilo halikuchorwa katika gazeti lolote kwa makucha na mbawa, nami naliona kuwa ndilo tendo kubwa la mipaka katika siasa ya mji huu.

Baada ya hesabu ndipo lilipokuja swali la nani akae na nani. Kibera ikatengwa na Lang'ata ikawa eneo bunge lake, likaandikwa Kibra kwa matamshi ya Wanubi, ambao mababu zao askari wa King's African Rifles ndio walioketishwa msituni humo mwanzoni mwa karne iliyopita. Lina wadi tano, Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley, katika kilomita za mraba 12 hivi. Kawangware ikatendewa kinyume: Dagoretti ilipasuliwa vipande viwili, na wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro zikatiwa katika Dagoretti Kaskazini pamoja na Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya maghorofa na mabalozi; nayo Riruta, ambako mtu wa Kawangware huingia akitembea pasipo kujua kwamba amevuka kitu, ikabaki Dagoretti Kusini. Mafukara wa mtaa mmoja wakakusanywa peke yao, na wa mtaa wa pili wakachanganywa na matajiri.

Je, Kibera ilirundikwa? Mwenye kufuata matokeo atasema ndiyo, na hoja yake si dhaifu. Tangu 2013 Kibra haijapata mbunge ila wa ODM, chama cha Raila: Ken Okoth, kisha baada ya kifo chake Julai 2019 ndugu yake Imran Okoth katika uchaguzi mdogo wa Novemba, kisha Peter Orero mwaka 2022. Lakini Lang'ata, iliyokuwa ngome ya Raila kwa muda wa miaka ishirini, ilipoondolewa Kibera ikawa uwanja wa mapambano, na mwaka 2017 Nixon Korir wa chama pinzani cha Jubilee akaichukua. Dagoretti nayo ilipopasuliwa ikatoa mbunge mmoja kwa kila upande: Kaskazini ikamchagua Simba Arati wa ODM mara mbili, kisha Beatrice Elachi wa chama hichohicho, na Kusini ikaenda kwa vyama pinzani vya TNA, Jubilee na hatimaye UDA. Lau kama Gerry angefufuka akaonyeshwa ramani hiyo, angedhani ameielewa.

Walakini matokeo si ushahidi wa nia, na hapa ndipo mchambuzi anapaswa kusita. Kwa mkaazi wa Kibera kutengwa kulikuwa na maana nyingine kabisa. Mbunge wa Lang'ata alikuwa mtu wa taifa, mgombea urais, Waziri Mkuu. Mbunge wa kwanza wa Kibra alikuwa mtoto aliyezaliwa Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, aliyezijua njia za matope kwa miguu yake, na ambaye aliitumia hazina ya eneo bunge kujenga madarasa kwa bidii iliyosifiwa hata na wapinzani wake. Chini ya sheria ya mwaka 2003 robo tatu ya hazina hiyo iligawanywa sawasawa kwa maeneo bunge yote, pasipo kuangalia idadi ya watu, na robo kwa kadiri ya umaskini. Kwa hiyo kuwa eneo bunge ni kuwa na fungu lako la basari na la shule, na kukosa kiti ni kukosa fedha mwaka hata mwaka. Kawangware, iliyochanganywa na Kilimani, haikupoteza sauti kama mtu angetazamia, kwani wadi zake tatu zilizosongamana ndizo zenye foleni ndefu siku ya kura, na mgombea asiyepita humo, Stage 2 na Hamsini na Sita, hafiki bungeni. Lililopotea ni jingine: mji wa mabanda wa Kawangware hauna mbunge anayelazimika kulala akiufikiria huo tu, na aliyenao huweza kugawa siku yake kati ya maji taka ya Gatina na malalamiko ya wenye majumba ya Kileleshwa kuhusu maghorofa marefu. Rai yangu ni kwamba Kibera ilipata faida kuliko ilivyopata hasara, na kwamba faida hiyo haikutokana na ukarimu wa mtu.

Kuna jambo moja linalowahusu wakaazi wenyewe na watetezi wao. Kwa miaka mingi ilisemwa, katika ripoti na katika hotuba za wafadhili, kuwa Kibera ina watu milioni moja na zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070, na ile ya 2019 ikaipa wilaya ndogo ya Kibra watu 185,777. Wako wanaosema sensa ilipunguza, nami sishangai kwamba nyumba ya chumba kimoja yenye watu wa zamu huhesabika kwa shida. Lakini milioni isiyothibitishwa humsaidia mwenye kuomba msaada, haimsaidii mwenye kudai kiti, kwa sababu mipaka huchorwa kwa sensa peke yake. Na mtaa uliozoea kujivunia hesabu ya kubuni hauna mazoea ya kuilinda hesabu ya kweli siku karani anapobisha hodi.

Upande wa pili, wa maeneo yenye watu haba, una hoja, nao hauna budi kusikilizwa. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841 mwaka 2009 na 22,258 mwaka 2019, hali ya kuwa Nairobi, yenye watu 4,397,073 katika sensa hiyo ya pili, ina wastani wa watu 258,651 kwa kila kiti, zaidi ya mara kumi na moja. Lakini mbunge wa Lamu Mashariki hutoka Faza kwenda Kiunga kwa chombo, akingoja maji na upepo, na yule wa Horr Kaskazini kule Marsabit ana nchi inayopita kilomita za mraba 35,000, ambapo mwenzake wa Kibra huweza kuizunguka yake yote kabla ya adhuhuri. Katiba yenyewe, katika vifungu vyake vya mpito, iliamuru kwamba mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Mtu wa bara asiyewahi kungoja boti Mokowe asiifanyie mzaha hoja hii. Pamoja na hayo, umbali ni dhiki ya mbunge, nayo huweza kuondolewa kwa kumwongezea ofisi, watumishi na fedha za safari. Uzito wa kura ni haki ya raia, na haiwi insafu kuilipa dhiki ya mmoja kwa haki ya mwingine.

Hilo latufikisha kwenye hila mpya kuliko zote, ambayo ni kutochora kabisa. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na wakati huo tume haikuwa na mwenyekiti wala kamishna hata mmoja, kwa kuwa muda wa mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake ulikwisha Januari 2023, na mrithi wake Erastus Ethekon na wenzake wakaapishwa Julai 2025. Matokeo ya sensa ya 2019 katika sehemu za Kaskazini Mashariki nayo yalikuwa yamefikishwa mahakamani. Jaribio la BBI, mpango wa kuirekebisha katiba, la kuongeza viti 70, ambavyo 12 vingekuwa vya Nairobi, lilianguka, na Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022, ikasema mgao huo wa viti uliingizwa pasipo wananchi kushirikishwa. Muda wote huo mji umekuwa ukikua. Kwa sensa ya 2019 wastani wa taifa ni watu 164,015, na kikomo cha juu cha mji ni watu 229,621. Wastani wa Nairobi umekwisha kukipita kikomo hicho kwa watu 29,000, na haiwezekani kuurudisha ndani ya katiba kwa viti vilivyo chini ya 20. Kwa kuwa jumla ya 290 haiongezeki, viti hivyo vitatu havina budi kutoka mahali, na kila mwanasiasa anajua vitatoka wapi. Ndiyo maana wengi wao, wa vyama vyote, hawana haraka.

Basi mkaazi wa Laini Saba au wa Kabiro asiingoje ramani ionekane mbaya ndipo aipinge. Aitazame idadi ya watu iliyoandikwa kando ya jina la eneo bunge lake, ailinganishe na wastani wa taifa, na mikutano ya kuchukua maoni itakapoitishwa aende na hesabu hiyo mkononi. Uamuzi wa tume ukishatangazwa katika Gazeti Rasmi, kifungu cha 89 kinampa mtu yeyote siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kuomba upitiwe upya, na ombi lake ni lazima liamuliwe ndani ya miezi 3.